Umechomwa Sindano ya Makunyanzi na Ndita Ziko Palepale: Mwongozo Kamili wa Kujua Tatizo Liko Wapi

Kosa linalorudiwa zaidi ni hili. Mtu anachomwa sindano ya kulainisha makunyanzi, siku ya nne anajitazama kwenye kioo, anaona hakuna kilichobadilika, na siku ya sita yuko kwa mtu mwingine akiomba aongezwe. Wiki ya tatu nyusi zimeshuka, kope ni nzito, na hakuna anayeweza kusema ni sindano ipi iliyofanya nini.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mmoja: sababu za kawaida kwanza, za nadra mwisho. Wengi hukimbilia kusema "mwili wangu umeizoea dawa," wakati hiyo ndiyo sababu ya kuchunguzwa baada ya nyingine zote.

Dawa zinazozungumziwa hapa ni za botulinamu aina ya A, sumu ya bakteria inayotumika kwa dozi ndogo kulegeza msuli: Botox, Dysport, Xeomin, Jeuveau, Daxxify na nyingine za jamii hiyo. Dawa za kujaza ngozi, kama zile za asidi ya hayaluroniki, ni kitu kingine kabisa. Hizo hazilegezi msuli. Kama huna hakika ulichomwa ipi, uliza kabla ya kusoma zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera, na mahali pa kuiegemeza ili isitikisike.
- Dirisha lenye mwanga wa mchana.
- Picha zako za kabla ya kuchomwa. Kama hazipo, tafuta picha au video za zamani ambazo umekunja uso au umecheka sana.
- Tarehe kamili ya kuchomwa.
- Kumbukumbu kutoka kwa aliyekuchoma: jina la dawa, idadi ya uniti (kipimo cha nguvu ya dawa) kwa kila sehemu, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hii ni haki yako. Anayekataa kukutajia jina la dawa aliyoingiza usoni mwako tayari amekupa nusu ya jibu.
- Orodha ya mara zote ulizowahi kuchomwa botulinamu, hata kwa matibabu kama ya kipandauso, kukakamaa kwa shingo au jasho jingi kwapani.

## Hatua ya 1: Hakikisha huna dalili za hatari

Kabla ya kuhangaikia mikunjo, jiulize kama unapata shida ya kumeza, kupumua au kuzungumza, kama unaona vitu viwiliviwili, au kama mwili mzima umelegea. Hizi ni dalili kwamba sumu imesambaa mbali na pale ilipowekwa. Zinaweza kujitokeza saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa baadaye.

Ukiwa na mojawapo, acha mwongozo huu na uende hospitali sasa hivi. Usisubiri miadi, na usirudi kwanza kwa aliyekuchoma.

Kope moja kushuka bila dalili nyingine si dharura ya aina hiyo, lakini mjulishe daktari. Hali hiyo hupita yenyewe kadiri dawa inavyoisha nguvu, na yapo matone ya macho ambayo daktari anaweza kukuandikia ili kope inyanyuke kidogo wakati unasubiri.

## Hatua ya 2: Hesabu siku

Dawa hii haigusi ngozi. Inaingia kwenye ncha ya neva inayoamuru msuli na kukata protini inayosaidia kutoa asetilikolini, kemikali inayouambia msuli ujikunje. Kazi hiyo inachukua muda. Wengi huanza kuhisi mabadiliko kati ya siku ya pili na ya tano, na matokeo kamili huonekana karibu na siku ya 14.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kabla ya siku ya 14 huna ushahidi wa kufeli. Usiongeze dawa kabla ya hapo, hata ukipewa bure. Dozi ya pili ikiwekwa wakati ya kwanza haijamaliza kujionyesha, zote mbili zitafika kileleni pamoja.

Kuna pia wanaochelewa kwa upande mwingine. Wanakuja mwezi wa nne wakilalamika dawa haikufanya kazi, kumbe ilifanya na imekwisha. Muda wa kawaida ni miezi 3 hadi 4. Daxxify, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, imetengenezwa ili idumu zaidi ya hapo.

Umevuka hatua hii ikiwa uko kati ya siku ya 14 na wiki ya nne. Hicho ndicho kipindi kizuri cha kupima.

## Hatua ya 3: Piga picha zinazosema kweli

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo jibu kubwa linapopatikana. Kioo hakifai kwa kazi hii. Unajitazama kila siku, macho yanazoea, na unasahau ulivyokuwa.

1. Osha uso, usipake kitu, funga nywele nyuma.
2. Simama uso kwa uso na dirisha. Mwanga ukitoka juu ya dari utachora vivuli kwenye kila mkunjo, na utajiona umezeeka kuliko ulivyo.
3. Zima kabisa kile kipengele cha kurembesha uso kwenye kamera. Simu nyingi hulainisha ngozi bila kukuuliza, na picha ya "kabla" iliyolainishwa haiwezi kulinganishwa na chochote.
4. Weka simu usawa wa macho, umbali uleule kila mara.
5. Piga picha nne: uso umetulia, umekunja ndita kwa nguvu zako zote, umeinua nyusi mpaka mwisho, umecheka kwa nguvu huku umebana macho.
6. Rudia yote kwa video fupi, polepole. Video huonyesha upande unaochelewa au kipande cha msuli kinachoruka peke yake, kitu ambacho picha hukosa.

Sasa linganisha na picha za kabla, moja kwa moja, tendo kwa tendo. Usilinganishe uso uliotulia na uso uliokunjwa. Utaangukia kwenye mojawapo ya hali hizi:

Msuli hausogei, lakini mstari upo. Dawa imefanya kazi. Tatizo ni aina ya mkunjo. Nenda hatua ya 4.

Msuli unasogea, ila kwa udhaifu kuliko zamani. Dawa imefika lakini haikutosha. Hatua ya 5.

Upande mmoja umelala na mwingine unasogea, au kuna kipande kimoja tu kinachojikunja. Kuna sehemu iliyorukwa. Hatua ya 6.

Kila kitu kinasogea kama hakuna kilichotokea. Hii ndiyo kufeli kwenyewe. Pitia hatua ya 5, 6 na 7 kwa mfuatano, usiruke.

Ilifanya kazi vizuri, kisha ikaisha baada ya wiki sita au nane. Anza na hatua ya 5. Ikiwa imekutokea mara kadhaa mfululizo na kila mara muda unapungua, soma pia hatua ya 9.

Wengi wanaofika hapa wakiwa na hasira hugundua wako kwenye hali ya kwanza au ya pili.

## Hatua ya 4: Tofautisha mkunjo wa kusogea na mkunjo uliochongeka

Kuna mikunjo inayotokea tu unapokasirika, unaposhangaa au unapocheka. Hiyo hutoka kwa msuli, na hiyo ndiyo botulinamu inaijua. Kuna mingine inayobaki hata ukiwa usingizini. Hiyo imechongeka kwenye ngozi yenyewe kwa miaka ya kukunja, jua na umri. Ni kama shati lililokunjwa sandukuni muda mrefu: kulitoa hakuondoi alama siku hiyohiyo.

Jipime hivi. Uso ukiwa umetulia, weka vidole viwili kila upande wa mstari ulio kati ya nyusi na uvute ngozi taratibu kuelekea pembeni. Mstari ukitoweka au ukififia sana, una nafasi nzuri na sindano. Ukibaki kama ulivyo, dawa ya kulegeza msuli peke yake haitaufuta. Kipimo hiki kimo hata katika maelezo rasmi ya Botox: watu ambao ndita zao hazipungui zikitandazwa kwa vidole hawakuingizwa kwenye majaribio yake, wala wenye makovu ya kina au ngozi nene sana yenye mafuta mengi.

Mstari uliochongeka unaweza kufifia polepole ukirudia sindano kwa mizunguko kadhaa, kwa sababu ngozi inapata mapumziko. Ukitaka zaidi ya hapo, zungumza na daktari wa ngozi kuhusu tiba za ngozi yenyewe: krimu za retinoidi (jamii ya vitamini A), leza, au kudunga ngozi kwa sindano ndogondogo. Kinga ya jua ya kila siku si hiari hapa.

Onyo moja zito. Usikubali kirahisi kujazwa dawa ya kujaza ngozi katikati ya nyusi kwa sababu sindano ya kwanza "imeshindwa". Mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ile ya jicho, na dawa ya kujaza ikiingia mshipani inaweza kusababisha upofu. Ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi usoni kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 5: Uliza uniti, usiulize sindano ngapi

Ukimuuliza mtu alichomwa kiasi gani, atakwambia "sindano tano" au "mililita moja". Majibu yote mawili hayasemi chochote.

Dawa hizi huja kama unga ndani ya kichupa, na huchanganywa na maji ya chumvi kabla ya kutumika. Kichupa cha Botox cha uniti 100 kikiwekewa mililita 2.5, kila mililita 0.1 hubeba uniti 4. Kikiwekewa mililita 5, mililita 0.1 hiyohiyo inabeba uniti 2. Bomba la sindano linaonekana limejaa sawasawa, idadi ya matundu usoni ni ileile, lakini umepata nusu ya dawa.

Kwa ndita za katikati ya nyusi, vipimo vilivyoidhinishwa Marekani ni hivi:

- Botox: uniti 20, zikigawanywa sehemu tano za uniti 4 kila moja.
- Xeomin na Jeuveau: uniti 20.
- Dysport: uniti 50.
- Daxxify: uniti 40.

Kwa mikunjo ya kona za macho, kipimo cha Botox ni uniti 24, yaani 12 kila upande.

Tazama tena orodha hiyo. Uniti ya Dysport si uniti ya Botox, na hakuna hesabu moja inayozigeuza kwa uhakika. Mtu aliyepewa "uniti 20" za Dysport katikati ya nyusi amepata chini ya nusu ya kipimo cha kawaida, ingawa namba inafanana na ya mwenzake aliyechomwa Botox. Ndiyo maana jina la dawa na idadi ya uniti lazima viandikwe pamoja.

Vipimo hivyo pia si amri. Mwanamume, au mtu yeyote mwenye misuli minene ya uso, mara nyingi huhitaji zaidi. Na wako wanaoomba dozi ndogo makusudi ili uso usigande, kisha wanalalamika kwamba uso bado unasogea. Ukiomba kidogo, utapata kidogo, na kwa kawaida hakitadumu sana.

Paji la uso lina kesi yake. Msuli wa paji ndio pekee unaoinua nyusi. Ukilazwa kabisa, nyusi huanguka. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu huweka dozi ya wastani pale, na huacha ukanda ulio juu tu ya nyusi bila kuugusa. Mikunjo midogo inayobaki kwenye ukanda huo ni bei ya kuwa na nyusi mahali pake. Binafsi sioni hiyo kama kufeli, na ningemkimbia anayeahidi kuifuta yote.

## Hatua ya 6: Angalia mahali palipochomwa

Msuli unaokunja ndita umelala kwa mshazari: upande wa pua uko ndani, karibu na mfupa; ukielekea katikati ya unyusi unapanda juu karibu na ngozi. Sindano ya kina kimoja kila mahali inaweza kupata mzizi na kukosa mkia. Matokeo yake ni katikati kutulia huku juu ya unyusi kukijikunja kijishimo kidogo.

Dalili nyingine ni unyusi kupanda kwa nje kama pembe. Hapo sehemu ya katikati ya paji imelala na ya pembeni imeachwa ivute peke yake. Hurekebishwa kwa dozi ndogo sana pembeni, baada ya wiki mbili.

Wakati mwingine msuli jirani huchukua kazi. Ndita zimelala, lakini sasa unakunja pua na mistari inatokea kwenye ubavu wake. Dawa haikushindwa, uso umetafuta njia nyingine ya kukasirika.

Kwenye kona za macho, kumbuka kwamba kicheko huinua shavu, na shavu husukuma ngozi juu. Mistari ya chini ya kona ya jicho mara nyingi hutoka huko. Msuli wa kuinua shavu haulazwi, kwa sababu kicheko kitakwenda upande.

Chora uso wako kwenye karatasi, weka alama mahali panaposogea, na uende nayo kwenye miadi.

## Hatua ya 7: Chunguza dawa yenyewe

Botox ambayo haijachanganywa huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikishachanganywa, maelezo yake rasmi yanataka itumike ndani ya saa 24. Xeomin inaruhusiwa kukaa hata kwenye joto la kawaida la chumba kabla ya kuchanganywa, kwa hiyo usimshutumu mtu kwa kuona kichupa nje ya jokofu kabla ya kusoma jina lake.

Uliza: kichupa kilifunguliwa lini? Nani alichanganya, na kwa mililita ngapi? Naweza kuona boksi na namba ya toleo? Mtaalamu wa kweli hujibu bila kukunja uso.

Dawa bandia zipo. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani, CDC na FDA, zilitoa onyo baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kufuatia sindano za Botox bandia au zilizoshughulikiwa vibaya. Mojawapo ya alama za bandia hizo ilikuwa boksi lililoandikwa uniti 150, kipimo ambacho mtengenezaji hatoi kabisa. Dawa bandia inaweza kuwa haina kitu ndani, au ikawa na sumu nyingi kupindukia, na hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama.

Ukigundua ulichomwa sebuleni kwa mtu au na asiye na leseni, usirudi kwake kwa marekebisho. Peleka taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako na upimwe na daktari.

Kuhusu masharti ya baada ya sindano (kutolala kwa saa nne, kutosugua uso, kuacha mazoezi siku hiyo), yafuate, hayana gharama. Lakini kulala chali mapema hakuelezi uso mzima kubaki ukisogea. Anayekulaumu kwa hilo moja kwa moja anakwepa swali la uniti.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye miadi ya wiki ya pili ukiwa na ushahidi

Rudi kwa aliyekuchoma, kama ana leseni na amekupa kumbukumbu. Yeye ndiye anayejua aliweka nini na wapi, mwingine atabahatisha.

Mwonyeshe picha na video, kisha kunja ndita mbele yake. Muulize kama anafikiri tatizo ni dozi, mahali au ngozi. Kama ni dozi au sehemu iliyorukwa, anaweza kuongeza kidogo. Baada ya hapo, hesabu siku 14 nyingine kabla ya kuhukumu.

Usiruhusu marekebisho yawe tabia ya kila mwezi. Maelezo rasmi ya Botox yanataka sindano zisikaribiane chini ya miezi mitatu, na dozi za mara kwa mara ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa. Kama kila mzunguko unahitaji kuongezewa, dozi ya kwanza ndiyo ya kurekebisha.

Usiongezwe kabisa ikiwa una mimba, ikiwa kuna maambukizi mahali pa kuchoma, au ikiwa una ugonjwa wa neva na misuli kama myasthenia gravis na aliyekuchoma hakujua. Mtajie pia dawa unazotumia. Baadhi ya antibiotiki, kama jentamaisini, huweza kuzidisha nguvu ya botulinamu.

## Hatua ya 9: Usugu, ukiwa umemaliza mengine yote

Umefika hapa ikiwa dawa ilikuwa halisi, uniti zilitosha, mahali palikuwa sahihi, siku 14 zimepita, na bado msuli unaruka kama zamani.

Usugu una sura mbili. Wako ambao tangu mara ya kwanza hawakuitikia, na hao ni wachache sana. Wengine waliitikia vizuri, kisha kila mzunguko ukawa mfupi kuliko uliotangulia hadi dawa ikanyamaza. Sura hii ya pili ndiyo inayoashiria kingamwili, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa waliopata dozi kubwa kwa ajili ya magonjwa. Ndiyo maana ile orodha ya matibabu ya nyuma ilihitajika: dozi ya kipandauso sugu ni uniti 155 za Botox, zaidi ya mara saba ya ile ya ndita.

Daktari anaweza kukupima kwa kuchoma upande mmoja tu wa paji au wa unyusi, kwa dozi inayojulikana, kisha kutazama baada ya wiki mbili. Pande mbili zikitofautiana, dawa inafanya kazi kwako na kosa lilikuwa kwingine. Zikifanana na zote zinasogea, usugu unawezekana. Uso utakaa mshazari kwa muda ikiwa umeitikia, kwa hiyo panga tarehe vizuri. Si kipimo cha wiki ya harusi.

Kubadili chapa si tiba ya moja kwa moja. Xeomin haina zile protini za ziada zinazoizunguka sumu, na hilo linaaminika kupunguza uwezekano wa mwili kutengeneza kingamwili. Lakini kingamwili zikishakuwepo dhidi ya sumu yenyewe, dawa zote za aina ya A zina kiini kilekile. Kinachobaki ni kupumzika muda mrefu chini ya uangalizi wa daktari, au kuhamia kwenye tiba za ngozi za hatua ya 4. Ipo botulinamu ya aina ya B, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya magonjwa kama kukakamaa kwa shingo, huuma zaidi ikichomwa, na usoni hudumu muda mfupi.

## Hatua ya 10: Andika kabla ya mzunguko ujao

Kwenye karatasi moja weka: jina la dawa, uniti kwa kila sehemu, mililita zilizochanganyiwa, namba ya toleo, siku ulipoona mabadiliko ya kwanza, siku msuli ulipoanza kurudi. Ambatanisha zile picha nne za kabla, na nyingine nne za siku ya 14.

Mzunguko ujao ubadilishe kitu kimoja tu. Ukibadilisha dawa, dozi na mtaalamu kwa pamoja, hata ukipata uso unaoutaka hutajua kipi kilikupa.